Kidevu Kifuani

Miezi mitatu hatukumwangusha mtu.
Tulianguka sisi.
Jumatano na Jumamosi, baada ya alasiri,
ndani ya ghala bovu la karafuu pale Mtemani,
juu ya magodoro ya usumba tuliyoyafunika turubai,
tulianguka nyuma, tulianguka ubavu,
tulianguka mbele kama gurudumu lililochoka,
na vumbi la mavuno ya miaka nisiyokuwapo
likatupanda puani, tukapiga chafya,
tukaanguka tena.

Pini za ushungi zililala mlangoni, kwenye kikombe cha bati.
"Kidevu kifuani," akisema Maalim Mkasi.
"Mkono upige chini kabla mgongo haujafika.
Ardhi ipe habari. Usiivamie."

Magwanda katushonea yeye, kwa mifuko ya unga.
Langu limeandikwa mgongoni, kwa wino usiotoka:
KILO HAMSINI. WEKA PAKAVU.

Baba akaniuliza, gongo lake limeegemea mlango,
"Mnafunzwa nini huko?"
Nikamwambia: kuanguka.
Akacheka mpaka akakohoa.
"Mie mkarafuu ulinifunza kwa siku moja,
na sikulipa hata shilingi."
Kisha akanyamaza, akaitazama nyonga yake
kama anayemtazama mdeni wake akipita njia.

Thuwaiba alikataa kuinama.
Rukuu, akasema, ni ya Mola peke yake.
Maalim hakubisha.
Akaweka kiganja kifuani, akasimama wima mbele yake:
"Basi usiniinamie. Lakini nitake radhi
kabla hujanishika.
Wengine hungoja mpaka wameshamuumiza mtu."
Tangu siku ile sote tukashika vifua.
Huko Japani sijui wangetuonaje.

Mwenye nguvu mpishe:
nikidhani ni methali ya waoga.
Hata siku hiyohiyo Thuwaiba, kilo themanini,
aliponijia na ghadhabu zake zote,
nami kwa uchovu tu, si kwa akili,
nikampisha.
Kiuno kikageuka. Akapita juu yangu mzima mzima
kwa nguvu zake mwenyewe, mimi nimemwonesha njia tu.
Nikamkumbuka ami yangu wa Pujini, mcheza ng'ombe,
pembe ikipita shibiri moja na mbavu zake:
"Ng'ombe humshindi. Unamwachia anachokitaka,
ila wewe humo."

Nikangoja sifa. Maalim akaja na uso mkavu.
"Ukosi wake umeuachia. Kwa nini?"
Sikuwa na jibu.
"Mtu akiwa hewani ni amana.
Kumtupa, hata gogo linajua kutupa.
Mshike mpaka afike."
Thuwaiba, chali, akisugua bega,
akasema, "Msikie."

Nilikwenda nyumbani kwa miguu, sikupanda kitu.
Nikawaza: ule mkarafuu haukuwa na mkono.
Tawi lilivunjika, likamwachia.
Na watu waliokuwa chini walikuwa wakihesabu pishi.

Jana usiku akaniita chumbani.
Godoro kalishusha mwenyewe, sijui vipi,
kalitandika kando ya kitanda.
"Hebu," akasema. Basi, neno hilo tu.
Nikamkalisha ukingoni. Nikamshika ukosi wa shati.
"Kidevu kifuani, baba."
"Kimo."
"Mkono upige kabla ya mgongo."
"Nimesikia, wacha kunisomea hotuba."

Miaka kumi na tisa anaanguka usingizini
kutoka tawi lile lile, na hafiki chini.
Namjua kwa kelele zake.
Nilimteremsha polepole, sikumwachia;
kidogo tu, mwishoni, nikaulegeza mkono
ili kile kilichobaki kiwe chake.

Kiganja kikalia paa!

Mama jikoni akapiga ukelele:
"Kimeanguka nini?"

"Mimi," akajibu baba,
kama mtu aliyebishiwa hodi kwake.